Tulimfuata Yaya Kambale Hadi Kwenye Mawe

Dada zangu wa kwaya, mmeniuliza mara nyingi. Baada ya misa, sokoni, hata siku ile tulipokuwa tunapalilia maharage, mliniuliza: "Kahindo, kule mulifika wapi? Muliona nini?" Kila mara nilijibu, "Tutaongea," nikageuza mazungumzo. Sikutaka kuwaficha. Nikianza kwa mdomo nafika mahali fulani sauti inakatika, na muramu wangu Masika, mke wa ndugu yangu, akiwa karibu anainuka na kwenda nje. Basi nimeandika. Mmoja wenu awasomee wengine. Habari za vibali na mihuri naziruka, kila mtu anajua zilivyokuwa wakati wa vita.

Butembo

Wengi wenu mlimjua yaya Kambale, ndugu yangu mkubwa, mume wa Masika. Kwa wale waliokuja mjini juzi: alikuwa mlinzi wa mbuga upande wa ziwa, karibu na Kyavinyonge. Akija likizo alitushukia na tilapia za kukaushwa na hadithi za viboko, na nyumba nzima ilikuwa inanuka samaki na kicheko. Yeye na Masika walikuwa wameoana kanisani na walikuwa bado hawajapata mtoto, vita ilipoanza.

Siku moja watu wenye silaha walivamia kituo chao. Wenzake waliuawa. Yaya alijificha katika matete mpaka wavuvi walipompakia kwenye mtumbwi, wakamvusha Uganda. Tulisikia kwamba yu hai, halafu tukakaa miaka bila kusikia lolote. Masika aliendelea kuishi kwa mama yetu. Watu wa kwao walimshauri aolewe tena. Aliwasikiliza kwa adabu, kisha akarudi shambani.

Basi, vita ya pili ikiwa inaendelea, mfanyabiashara mmoja wa hapa kwetu, anayefuata vitambaa Nairobi, alikuja kumsalimia mama. Hata kiti hakukikalia vizuri.

"Mama, nilimuona Kambale," alisema. "Iko Kenya, kule juu kabisa, kwenye jangwa. Analinda banyama kwenye mawe makubwa kushinda eglise yetu ya misa. Lakini muguu yake ni mugonjwa. Imevimba sawa muti. Kama hamumufuate, atabakia kule."

Mama akatuambia mimi na Masika: "Muende mumulete. Nataka mutoto wangu alale kwa nyumba yangu."

Masika alikuwa tayari anakunja nguo.

Butembo hadi Beni

Tulipanda kamio, lori la maharage, juu kabisa ya magunia, pamoja na mbuzi waliofungwa miguu. Mvua ilitukuta Maboya. Gari lilizama katika tope mpaka tumbo, wanaume wakavua viatu na kuchimba, sisi wanawake tukakata majani ya kutandika chini ya magurudumu. Kamio ilitoka, ikaenda kidogo, ikazama tena. Mwendo ambao zamani mtu alikuwa anaumaliza kabla chakula hakijapoa, ulituchukua mpaka kesho yake.

Kwenye barieri moja, kizuizi cha barabarani, askari alitushusha sote. Hakuwa mtu wa kwetu, alikuwa ametoka mbali, mkoa wa mto. "Bokei wapi?" aliuliza kwa Kilingala, yaani tunakwenda wapi, mkono juu ya mfuko wetu wa chakula. Masika alimjibu kwa Kiswahili kwamba anamfuata mume wake Kenya, hajamuona tangu vita ya kwanza. Yule askari alimtazama sana. Alikuwa amekwisha kuchukua viazi vyetu vya kuchemsha. Akavirudisha ndani ya mfuko.

"Mama," alisema, Kiswahili chake kikivunjikavunjika, "hata mimi, bibi yangu hajue niko wapi. Pita."

Beni tulifikia kwa mama mudogo wa Masika. Nyumba yake ilikuwa imejaa watu waliokimbia kutoka Eringeti na Oicha, wengine wamelala hata jikoni. Hatukujua kama tutangoja muda mrefu. Barabara ya Kasindi, ya kwenda mpakani, ilikuwa imefungwa, kwa sababu magari yalikuwa yameshambuliwa ndani ya mbuga. Kila asubuhi tulikwenda mahali magari yanapopakilia, na kila asubuhi tulirudi. Tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo, katika sahani moja kubwa, pamoja na mikono ya watu ambao hatujui hata majina yao. Mama mmoja wa Eringeti, aliyekuwa amezika waume wawili wa binti zake, alimshika Masika begani, akasema: "Weye unakwenda kutafuta mutu muzima, mwenye uhai. Hapana kulia. Sisi wote hapa tungependa safari yako."

Beni hadi Nairobi

Mwishowe magari yaliruhusiwa kwenda pamoja, moja nyuma ya jingine. Baada ya kuvuka daraja la Semliki dereva alitugeukia na kutuomba tunyamaze. Sijui kunyamaza kungetusaidia nini, lakini hata watoto walinyamaza. Nyasi zilikuwa ndefu pande zote mbili. Masika alikuwa anazitazama bila kupepesa. Ile ilikuwa mbuga ya mume wake, na hatukuona hata swala mmoja.

Ng'ambo ya mpaka watu waliongea karibu sawa na Kinande chetu, na roho zikatulia. Basi la Kampala, kisha basi la Nairobi. Njiani tulikula ndizi za kupondwa na mchuzi wa karanga, na Masika alitapika dirishani toka Jinja hadi mpakani.

Nairobi ndipo Kiswahili chetu kilipotuaibisha. Karibu na stendi kulikuwa na mama mnene anayeuza chai na chapati. Nilimsogelea nikasema, "Mama, niko natafuta yaya yangu."

"Yaya?" akasema. "Wa kulala ama wa kwenda na kurudi?"

Sikuelewa. Nikamjibu: "Mimi sijue kama analala. Ni mugonjwa."

"Sasa yaya mgonjwa utamfanyia nini?" Alitutazama mikono, mimi na Masika, akatikisa kichwa kwa huruma. "Ama ni nyinyi mnatafuta kazi? Ngojeni nimalizie hii chai."

Alifunga kibanda chake, akatushika mkono mpaka nyumba moja ya orofa. Mwenye nyumba, mwanamke kijana aliyekuwa amechelewa kazini, alitoka na mtoto mchanga na kumweka Masika mikononi papo hapo. Masika alimpokea. Ndipo akili zikanifunguka. "Hapana, hapana! Kwetu yaya ni mukubwa wa mutu, ndugu yake! Ni mwanaume! Ni bwana wa huyu!"

Wale wanawake wawili walicheka mpaka wakashikana. Nilicheka na mimi. Kisha tukamgeukia Masika. Alikuwa amesimama na mtoto begani, machozi yanashuka, na mtoto amelala kama amezaliwa pale.

Hatukuachiliwa kuondoka. Tulipewa ugali na sukuma wiki, tukapewa maji ya moto ya kuoga, na yule mama wa chai alitupeleka mwenyewe mpaka kwenye basi la Isiolo, akimgombeza kondakta atuchunge. Wakati wa kuachana alimwambia Masika: "Ukimpata huyo mwanaume, mlete hapa nimpe chapati." Nadhani hata sasa anatungoja.

Isiolo

Isiolo lami inaisha. Mbele yake ni vumbi na majambazi wa njiani, kwa hiyo malori yanangojeana mpaka askari wa kuyasindikiza wapatikane. Tukaanza tena kungoja. Upepo ulikuwa mkavu, midomo ikapasuka. Sisi watu wa baridi na ukungu hatukujua kwamba mtu anaweza kukaa kivulini na bado jua likamchoma. Tulikunywa chai ya maziwa ya ngamia, yenye moshi na chumvi. Masika aliikataa siku ya kwanza, siku ya pili akaomba kikombe kingine.

Mtu mmoja alituuliza ndugu yetu anafanya kazi gani. Nikasema, kwa kuwa kwetu ndivyo tunavyosema, "Analinda nyama." Alitupeleka buchani. Mwenye bucha, mzee wa ndevu nyekundu za hina, alisikiliza maneno yetu yote, akapiga ubao kwa kisu. "Nyama ni hii hapa, mama! Huyo wenu analinda *wanyama*." Kisha akauliza ni hifadhi gani, tukamwambia ile ya mawe makubwa. Alijua dereva anayepeleka unga huko, akaenda kutuombea nafasi.

Siku tuliyoondoka tulipishana na malori yaliyokuwa yanashuka kutoka kaskazini. Watu walikaa juu ya mizigo na ng'ombe, nyuso zimefungwa vitambaa kwa ajili ya vumbi. Tuliwapungia mkono. Baadhi yao walitupungia.

Kwenye mawe

Mimi nilifikiri jangwa ni mchanga tu, kama katika picha za Biblia. Lile lilikuwa ardhi nyekundu, ngumu, yenye miiba na miti mifupi iliyokauka, tambarare mpaka macho yanachoka. Halafu mbele yetu yakatokea mawe. Mwanzo niliyadhani mji. Yalikuwa mekundu na ya mviringo, jiwe juu ya jiwe, mengine yamesimama kwa ncha kama yamewekwa na mtu aliyekuwa anacheza kisha akaitwa nyumbani. Kanisa kuu letu la Butembo lingeingia katikati ya mawili na paa lisionekane. Tulipofika chini yake gari likazimwa, na kimya kilikuwa kingi hivi kwamba nilisikia Masika anavyopumua.

Kituo cha walinzi kilikuwa vibanda vichache vya bati vilivyoegemea jiwe. Alitoka mzee mrefu, mwembamba, shanga shingoni, kofia ya serikali kichwani. Jina lake Leparan. Alitusalimu, akatutazama, akasema kabla hatujafungua mdomo:

"Nyinyi ni watu wa Kambale."

"Ndiyo," nilisema. "Yeye iko wapi?"

Akatabasamu kwa uso wote. "Ameenda kwenu! Dereva mmoja alileta habari kwamba vita imepungua, barabara ya Beni imefunguliwa. Kambale hakulala tena. Alisema hataki kutuma neno, anataka aingie tu nyumbani, mama yake amuone mlangoni. Ameondoka juzi-juzi. Hamkukutana?"

Masika alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Kisha akaanza kucheka. Dada zangu, sijawahi kusikia Masika akicheka vile. Alipiga mapaja, akasema kwa Kinande, akasema kwa Kiswahili: "Sisi huku, yeye kule! Mama atamuona kwanza, mbele yetu!" Leparan na walinzi wengine walicheka naye. Tulikuwa wajinga wawili wenye furaha katikati ya jangwa.

"Na muguu?" niliuliza.

"Bado. Lakini alikuwa na fimbo, na aliyeamua kwenda kwao huwezi kumfunga kamba."

Lori lilikuwa halirudi upesi, kwa hiyo tulikaa. Siku zile ndizo nilizotaka kuwasimulia tangu mwanzo. Leparan alituonyesha maisha yote ya yaya. Alituonyesha pango dogo chini ya jiwe lililoinama, mahali alipolala wakati wa joto kali. Alituonyesha dimbwi katika ufa wa mwamba, ambako maji ya mvua yanabaki miezi. Kazi ya yaya ilikuwa kulilinda dimbwi hilo lisichafuliwe na mifugo, ili wanyama wa porini wanywe. Asubuhi tulijificha na Leparan juu ya mwamba tukawaona wakija: punda milia wenye mistari myembamba, digidigi wadogo kama sungura, na choroa wenye pembe zilizonyooka. Walikunywa bila haraka. Masika aliwatazama mpaka wa mwisho akaondoka.

"Kule kwenu walimwulia wanyama wote," Leparan alisema kwa sauti ya chini. "Aliniambia. Mwaka wa kwanza alikuwa akiwaona hawa wanakunywa, anageuza uso."

Nyuma ya jiwe kubwa kuliko yote, upande ambao jua halifiki mchana, tulikuta shamba. Ndiyo, shamba! Ukubwa wa kitanda. Maji yalikuwa yanadondoka polepole kutoka kwenye mwamba, na yaya alikuwa amebeba udongo mweusi kwa debe, sijui kutoka wapi, akapanda lengalenga, kabichi na poaro, vile vitunguu vya majani marefu tunavyolima Lubero. Poaro jangwani! Mbegu alikuwa ameomba kwa masista wa Isiolo.

"Hatukujua vinaliwaje," Leparan alisema. "Sisi tunakula nyama na maziwa. Mbuzi wangu waliingia mara moja, akakasirika siku nzima. Ndiyo siku pekee niliyomuona amekasirika."

Masika aling'oa poaro mbili, akapika na maharage tuliyobeba kutoka nyumbani. Walinzi walikula kwa heshima, wakitazamana. Mmoja aliuliza kama ni dawa. Masika alimwambia, "Ni chakula cha kwetu. Kwetu kuna baridi, kila asubuhi kuna ukungu." Akaeleza ukungu ni nini, na hawakusadiki sana.

Jioni, jua likishuka, mawe yalibadilika rangi, kutoka nyekundu hadi rangi ya kaa la moto, halafu ya zambarau. Yalikuwa yanatoa mlio mdogo, tak, tak, yanapopoa. Masika aliegemeza mgongo kwenye jiwe lenye joto, akafumba macho. "Kahindo," aliniita, "nilikuwa nafikiri anateseka. Kumbe alikuwa na mahali." Kisha akasema, "Tukifika nitamwambia kwamba nimeliona shamba lake."

Wakati wa kuondoka Leparan alimpa Masika mkufu wa shanga za mke wake. Alitusindikiza kwa miguu mbele ya lori mpaka mawe yalipoisha.

Kurudi

Mwendo wa kurudi ulikuwa mwepesi. Hatukungoja sana mahali popote, au labda furaha ndiyo iliyokuwa inafupisha. Masika alikula chapati, alikula ndizi, hakutapika. Alipanga maneno ya kumwambia na kuyapangua. Alinunua kitambaa kwa ajili ya mama, akabadili mawazo, akanunua cha rangi nyingine.

Kasindi tuliingia katika nyumba ya chakula tukingoja gari. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa kwetu, Kavugho, mwenye sauti kubwa. Masika alimuuliza, kwa raha tu, kama mtu anayetaka kulitaja jina: "Mama, hukuona hapa mwanaume mwenye kuchechemea, na fimbo, anatoka Kenya?"

"Niliona," Kavugho alisema. "Alikula hapa, alikaa kwa ile kiti. Alikuwa anacheka na kila mutu, anasema kesho analala Butembo kwa mama yake. Alitueleza juu ya mawe, sisi tukamuambia anadanganya." Alikuwa anacheka mwenyewe akikumbuka. Halafu kicheko kikamwishia usoni. Akaweka chini sahani aliyokuwa ameshika.

"Munamujua?" aliuliza.

"Ni bwana yangu," Masika alisema.

Kavugho alitoka nyuma ya meza, akaja akakaa karibu na Masika, akamshika mikono yote miwili. "Ile gari yenye alipanda," alisema, "haikufika Beni."

Sitaandika zaidi juu ya saa ile.

Njiani, kwenye parokia moja karibu na barabara, ambako tuliambiwa miili ilipelekwa, dereva alikubali kusimama. Katekista alitoka, mtu mzima mwenye sauti ya upole, akatupeleka nyuma ya kanisa. Alisema waliletewa miili asubuhi, wakazika mchana uleule kwa sababu waliogopa wale watu wenye silaha kurudi. Wengine walitambuliwa na jamaa zao. Wengine hapana.

"Kulikuwa mumoja mwenye muguu wa kuvimba?" nilimuuliza.

"Alikuwa. Huyu hapa." Akaonyesha msalaba wa mti, hauna kitu juu yake. "Mutusamehe, mama. Hatukujua jina."

Masika alipiga magoti. Alipapasa udongo kwa kiganja, kama mtu anayenyoosha shuka. Kisha aliomba kisu. Katekista alimletea, na Masika mwenyewe akachonga jina, herufi moja baada ya nyingine, KAMBALE, na dereva, ambaye alikuwa anaogopa sana barabara ile, hakupiga honi hata mara moja.

Kwenye gari aliniuliza kitu kimoja tu. "Tulipishana naye wapi?"

Nilimwambia sijui. Nilikumbuka malori ya Isiolo na nyuso zilizofungwa vitambaa, sikumwambia. Leo akisoma hapa atajua kwamba na mimi nawaza hivyo.

Butembo

Habari ilikuwa haijafika nyumbani. Mama alituona kutoka mbali, sisi wawili, akatazama nyuma yetu barabarani, akaendelea kutazama. Ninyi mlikuja jioni ile, mlikaa nasi matanga yote, mliimba mpaka sauti zikakauka. Hayo mnayajua.

Msiyoyajua ni ya siku watu walipokwisha kutawanyika. Mama alituita jikoni, akafunga mlango, akakaa kwenye kigoda. Alisema: "Sasa munielezee. Yote. Alikuwa anaishi namuna gani?"

Tulimwambia juu ya mawe. Alitaka kujua ukubwa, tukamwambia, akatikisa kichwa. Alitaka kujua kama kulikuwa kivuli, kama aliteka maji mbali, kama watu wa kule walimuita kwa jina lake. Masika alimweleza wanyama walivyokuja kunywa. Alimweleza shamba, na mbuzi wa Leparan, na mama akasema, "Hata akiwa mutoto mudogo alikuwa hapendi mutu aguse mboga yake." Moto ulikuwa unazimika na hakuna aliyeuchochea.

Halafu mama aliuliza: "Na kule Kasindi, kwa ule mama wa chakula. Alisema Kambale alikuwa anacheka?"

"Alisema hivyo, mama," Masika alijibu. "Alikuwa anacheka na kila mutu. Alisema kesho analala kwa nyumba yako."

Mama alifunika uso kwa kitambaa alicholetewa. Kisha akakishusha, akamtazama Masika.

"Sema tena," alisema.

Masika akasema tena.